Kibali cha Gati ya Mzee Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Maji wa Wilaya alinipeleka kando ya mto chini ya mji wa Nyeri. Akasimama mbele ya kichaka na kunionyesha kitita cha nyasi kavu kilichonaswa kwenye matawi, juu kuliko kichwa changu.

"Hiyo ni nini?"

"Kiota cha ndege, bwana."

Hakucheka. "Hapo ndipo maji yalifika mvua iliyopita. Umesimama ndani ya mto, Wairimu, na hujui."

Nilitazama gambuti zangu mpya, kavu kabisa, nikaona haya. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya ukaguzi wa kingo. Nawaandikia ninyi mnaoifanya leo kwa simu zenye ramani, mjue tulivyoifanya sisi, na jinsi nilivyoiharibu mara moja.

Mtu akitaka kujenga chochote kando ya mto au bwawa, iwe ukuta, kibanda cha pampu au gati, yaani jukwaa la mbao linalosimama majini kwa miguu yake, lazima aombe kibali. Mkaguzi huenda, hutafuta alama ya maji ya juu, hupigilia vigingi, kisha husaini. Alama hiyo ni mahali maji yalifika yalipofura kabisa, si mahali yalipo siku uliyokwenda. Watu wa kwetu huleta maombi Januari, mto ukiwa umekonda, wakadhani ardhi yote iliyokauka ni yao. Nimefukuzwa na mbwa mara nyingi kwa kuwaambia sivyo. Kule Tetu walinipa jina la Kigingi, na sikulichukia.

Baadaye Injinia wa Mkoa alinihamishia Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, ambako kosa la mtu wa juu hulala ndani ya nyumba ya mtu wa chini. Msimamizi wa Mifereji wa huko alikuwa mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili. Alinifundisha kuitafuta alama kwa njia tatu: takataka kwenye matawi, doa kwenye jiwe au ukuta, na mwanamke anayeteka maji mahali pale.

"Jiwe linaweza kukudanganya," aliniambia. "Lakini mtu anayebeba maji mgongoni anajua alihama lini na akahamia wapi. Usisaini kabla hujaongea na yeye."

Nilifuata agizo hilo miaka yote. Mara moja tu sikulifuata.

Nilikuwa nimerudi Nyeri, sasa chini ya kaunti, na miaka michache tu imebaki nistaafu. Ombi likaja kutoka kwa Mzee Wafula, polisi mstaafu aliyetoka magharibi, akafanya kazi kwetu mpaka akanunua kiploti kando ya bwawa moja upande wa Wamagana. Alitaka gati ya kuvulia samaki. Wengi wetu tulikua tukimtazama samaki kama nyoka aliyepotea njia, kwa hiyo ofisini kila mtu alicheka. Mimi sikucheka, maana sijawahi kuona ombi safi kama lile. Kanuni zetu zilitaka sakafu iwe mkono mzima juu ya alama, miguu ifungwe kwa bolti na si misumari, na watu waachiwe njia ya kupita ukingoni. Yote alikuwa ameyachora kwa rula.

Nilikwenda. Nikaona doa jeupe kwenye mwamba, limenyooka vizuri. Matawini hapakuwa na kitu. Hatua chache kutoka hapo ilikuwa nyumba ya Cucu Gathoni, yaani Bibi Gathoni, mzee aliyeteka maji na kufua kwenye bwawa lile tangu lichimbwe. Sikubisha hodi. Alikuwa amesema hadharani kwenye baraza la chifu kwamba mgeni atawafungia maji, nami nikajiambia atanipa chuki badala ya habari. Niliona namtendea haki Mzee Wafula. Nikapima kwa lile doa, nikasaini, nikampa kibati chenye namba ya kibali akipigilie kwenye mguu wa mbele wa gati.

Mvua ndefu ya mwaka uliofuata ilikuja kwa hasira. Asubuhi moja simu ikalia.

"Wairimu, ni Gathoni. Maji imefika kwa mawe yangu ya kufulia, yale ya juu. Ile siku ulipita hapa kama hunioni. Sasa kuja uone."

Nilipofika, bwawa lilikuwa limelamba lile doa na kulipita. Cucu Gathoni alinishika mkono, akanizungusha hadi upande wa pili, kwenye mfereji wa kumwagia, ule mkato pembeni mwa tuta unaotoa maji ya ziada taratibu ili yasiruke juu ya tuta lenyewe. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kila kiangazi wakulima wa pale hupanga magunia ya mchanga mdomoni mwa mfereji ili bwawa lishike maji zaidi, na huyatoa kabla ya mvua. Lakini mwaka wa kibali changu walikuwa wamechoka kutoa na kurudisha, wakayajengea kwa mawe na simiti na kuyafunika kwa majani ya mabingobingo, maji yakalazimika kupanda juu yake ndipo yatoke. Doa langu lilikuwa la bwawa la zamani.

"Ungeniuliza ningekuambia," Cucu alisema. "Simpendi huyo mtu wako, lakini maji siwezi danganya."

Gati ilikuwa imeanza kuelea. Maji yalikuwa yameinua sakafu, na miguu ilikuwa ikilia kwenye bolti. Ikichomoka, mkondo ungeipeleka moja kwa moja kwenye mfereji na kuukaba. Maji yangekosa njia, yangepanda juu ya tuta la udongo na kulikata. Chini ya tuta kulikuwa na nyumba saba na shule ya chekechea, na nilisikia watoto wakiimba. Kuyavunja magunia na bwawa limejaa hivyo kungekuwa kuita mafuriko kwa mikono yetu. Watu wachache walikimbia kuwatoa watoto. Mimi nikampigia simu Mkurugenzi wa Maji wa Kaunti.

"Ako na kibali halali," alisema. "Andika notisi ya siku kumi na nne. Ukimbomolea leo atatushtaki."

"Bwana, maji haitangoja siku kumi na nne."

"Basi amua wewe. Lakini usiseme nimekutuma."

Mzee Wafula alikuwa amesimama mlangoni kwake, koti la mvua limefungwa vifungo vyote. Nilimweleza kwamba gati lazima ifunguliwe leo hii. Alinisikiliza kama polisi anavyomsikiliza mtuhumiwa.

"Mama Wairimu, mimi nilifuata kila kitu. Niko na kibali, na umesaini wewe. Hawa majirani wamengoja siku kama hii. Sasa unataka niwape hiyo furaha?"

Nilijua maneno ya kiofisi ya kujibu hilo. Ningeweza kusema hali imebadilika, au kwamba mvua si ya kawaida. Nilikuwa na hofu, si ya maji peke yake.

"Ni mimi nilikosea," nikasema. "Nilipima vibaya. Kuna mtu nilipaswa kumuuliza, nikampita kwa sababu nilijua hakupendi. Wewe hukukosea kitu."

Kisha akaingia ndani. Nikadhani amefunga mlango. Akatoka na spana mbili, moja akanipa.

Tulilala kifudifudi kwenye mbao, maji yakipita juu ya mikono yetu, tukazifungua bolti moja moja. Majirani walisimama ukingoni wakitazama. Kipande cha mbele kikakatika chenyewe, kikaanza kuzunguka kuelekea mferejini, na Mzee Wafula akaingia majini mpaka kifuani kukishika. Cucu Gathoni ndiye aliyepiga kelele ya kwanza. "Mnaangalia nini? Leteni kamba." Wakaleta kamba za ng'ombe, wakashuka, wakavuta. Mchana ulipokwisha, gati yote ilikuwa uani kwake, na maji yalikuwa yakipita juu ya magunia mferejini, kimo cha kiganja tu chini ya ukingo wa tuta. Tuta lilisimama.

Niliandika kosa langu kwenye faili kwa mkono wangu. Nikapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho. Nilistaafu nayo, na kwenye sherehe ya kuniaga hakuna aliyeitaja. Mfereji ulifunguliwa kiangazi kilichofuata. Nilimwandikia Mzee Wafula ombi jipya, nikamwambia sasa bwawa limerudi chini na gati itasimama salama. Hakulileta ofisini.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia. Cucu Gathoni alikuwa huko, anakunywa chai na kumlaumu kwa kuikoroga sukari vibaya. Mbao za gati sasa ni sakafu ya zizi la ndama, na ule mguu wa mbele ndio nguzo ya mlango. Kibati changu bado kiko hapo, na namba inasomeka. Nilimwomba nikitoe. Nilimwambia kinaniumiza macho.

"Wacha kikae," alisema. "Nilifanya kazi ya serikali miaka mingi, na hiyo siku ndiyo ya kwanza niliskia mtu wa ofisi akisema ni yeye amekosea. Nikikiona nakumbuka."

Mimi pia nikikiona nakumbuka, lakini ninachokumbuka ni mlango wa Cucu ambao sikuubishia hodi, na wale watoto wakiimba chini ya tuta. Sikumwambia hivyo. Nilimkabidhi Cucu kikombe changu kilichobaki nusu, nikawaaga, nikashuka kwa njia ya bwawani. Doa lilikuwa juu ya maji. Hata hivyo nilirudi nikamuuliza Cucu kama mawe yake ya kufulia ni makavu.