Mkasi Uliokata Hewa

Nilikuwa karani wa mizani. Kabla ushirika haujalegea na wanunuzi binafsi kuanza kuja na malori yao, kazi yangu ilikuwa kusimama ghalani msimu mzima wa pamba, kutundika magunia na kusoma kilo. Daraja la pamba liliandikwa kwenye karatasi, lakini mkulima alitazama mshale wa mizani tu, na mimi pia. Tulipopunguzwa kazini nilirudi kwa wazazi wangu karibu na kivuko cha Kigongo, kando ya ziwa, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye mdomo mkali, nikijiona hakuna wa kunifundisha habari za mazao.

Baba alikuwa na mizabibu. Ujanani alifanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu huko Dodoma, akarudi kwa treni na vipande vya matawi vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji. Alivipanda kwenye mteremko wa mawe nyuma ya nyumba, mistari minane, akasimamisha nguzo na kuvuta waya. Chini alitandaza mabua makavu ya mahindi ili udongo usikauke. Kwa miaka mingi zabibu hizo tulikula wenyewe, nyingine tukawauzia abiria waliosubiri kivuko.

Kisha biashara ikafunguliwa, mvinyo wa nje ukajaa madukani, na mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vipuri mjini akakodi ghala Nyakato ili atengeneze wa kwake. Alionja zabibu za baba, akaahidi kuchukua mavuno yote yanayofuata, mradi yawe matamu kuliko yale. Sijawahi kumwona baba akitamani kitu namna ile. Alisema anataka zabibu zake ziwe mvinyo kabla hajafa, na alisema hivyo akiwa bado na nguvu zake zote.

Wiki mbili baada ya kupogolea mizabibu akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala. Tulisogeza kitanda chake hadi kwenye dirisha linalotazama shamba, ingawa akiwa amelala aliona mbingu na ncha za majani tu. Kazi ikabaki kwangu, naye akinielekeza kutoka kitandani kwa sauti nzito ya ulimi uliolemaa. Nilichanganya mrututu na chokaa nikanyunyizia, maana unyevu wa ziwa huleta ugonjwa wa ukungu. Nilipunguza majani ili hewa ipite. Yote hayo niliyafanya, tena vizuri.

Punje zilipofikia ukubwa wa choroko, akaniambia nikate nusu ya vichala na kuviacha vianguke chini. Kila tawi libaki na kichala kimoja, mzabibu upate nguvu ya kukijaza utamu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nyumbani kwetu mtoto aliyechuma pera changa alichapwa, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akichapa. Leo ananiambia mimi, karani wa mizani, nitupe nusu ya uzito kwa mikono yangu. Nikajua maradhi yamempanda kichwani. Lakini kubishana na mgonjwa niliona aibu, kwa hiyo nikasema, ndiyo, baba.

Nikachukua mkasi wa kupogolea, nikaingia mstari wa kwanza na kuanza kukata hewa. Kacha, kacha. Nilitembea mstari mzima nikifungua na kufunga mkasi ili asikie, bila kugusa kichala hata kimoja. Nisifiche kitu hapa: nilijiona mwerevu.

Jioni nilipompelekea uji aliniuliza, "Leo umekata mstari gani?"

"Wa kwanza, baba."

"Haya," akasema.

Tukaenda hivyo siku nane. Kila siku mstari mmoja, kila jioni swali lile lile, na kila nilipojibu alinitazama kidogo kabla ya kusema "haya". Siku ya nane niliposema nimemaliza wa mwisho, hakusema "haya". Aliuliza tena, neno kwa neno. Nikadhani ugonjwa unamsahaulisha. Nikamjibu mara ya pili, polepole, kama ninayeongea na mtoto. Kesho yake asubuhi mama alimkuta ameshafariki.

Mavuno yalipofika, waya zilipinda kwa uzito. Nilisimama pale nikijisifu moyoni, nikisema laiti baba angeona. Yule mzee Mhindi akaja na kifaa chake cha kupimia sukari, kijibomba kidogo anachokidondoshea maji ya zabibu na kuchungulia kuelekea kwenye mwanga. Alipima mstari kwa mstari hadi wa nane, kila mara akikifuta kwa leso. Hakuwa na haraka, nadhani alitaka kukuta hata mti mmoja wa kumpa moyo.

"Binti, pole sana kwa msiba," akaniambia. "Zabibu ni nyingi, lakini utamu hamna. Mvinyo hautoki hapa."

Akaondoka na kreti zake tupu. Mama na mimi tukazichuma zabibu ili tukajaribu kuziuza kivukoni. Tulikuwa tumeinamia beseni moja, yeye anachambua mbovu, mimi napanga nzima, aliposema bila kuinua macho, "Baba yako alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Alikuwa anasikia mkasi. Hakusikia kitu kikianguka kwenye mabua."

Niliweka chini kichala nilichoshika. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuniambia mapema, wakati bado vingeweza kukatwa.

"Alinikataza," mama akasema. "Alisema, mwache, ataniambia mwenyewe."

Nimeitunza mizabibu ile misimu mingi tangu hapo, na zabibu zake zimeshakuwa mvinyo, tena mzuri, ingawa mimi siunywi. Sasa nakata nusu ya vichala. Nikikata kimoja sisogei mpaka nisikie kimeanguka kwenye mabua. Jioni nikipita karibu na lile dirisha nasikia naulizwa leo nimekata mstari gani. Najibu kwa sauti, na ninachojibu ni kweli. Naye hasemi "haya"; anauliza tena.