Mkwe Katika Chumba Kimoja

Bibi Eufrasia alikuwa amemwogopa mkwe wake kwa miaka minane, wala si kwa sababu mkwe alikuwa mtu mbaya. Leodgar alikuwa hajawahi kumpandishia mtu sauti. Alimwogopa kama wazee wa kwao Kagunga walivyomfundisha kumwogopa mume wa binti: akija kwa njia hii, wewe pita ile, akikohoa uani, jifunike kitenge, uso wake usiutazame, na kitanda chake usikione hata siku moja. Siku hizi wako kina mama wanaokula na wakwe zao sahani moja na kupiga nao picha za simu. Eufrasia aliwasikia tu, akawaachia Mungu.

Tatizo lilikuwa macho. Jicho la kulia lilizimika mwaka juzi, la kushoto likabaki na ukungu, na ukungu ukazidi. Alifika mahali pa kumimina mawese nje ya chupa na kumwamkia mbuzi akidhani ni jirani. Ndipo ikaja habari kwamba madaktari wa macho watakuwa hospitalini Kigoma mjini kwa wiki moja tu. Honorata, binti yake, akamwandikisha kupasuliwa siku ya Alhamisi. Akiikosa Alhamisi hiyo, angoje mpaka warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi kuwa jicho lile halina subira.

Lakini mjini atalala wapi? Ndugu mwingine huko hakuwa naye. Honorata na Leodgar walikaa Kasingirima, upande wa Ujiji, kwenye uchochoro baina ya nyumba mbili za kaka zake Leodgar, mahali baba yao alipokuwa akianikia nyavu. Urithi ulipogawanywa, kitinda mimba aliachiwa uchochoro. Akajenga humo chumba kimoja, hatua tano kwa nne, tena hatua za Leodgar, ambaye si mrefu.

"Honorata, chumba kimoja?" Eufrasia aliuliza kwenye simu.

"Kimoja, mama."

"Na kitanda chenu kimo humo humo?"

"Hutakikuta, mama. Mume wangu amesema atakiondoa. Na yeye atalala ufukweni, kwenye boti analounda."

Eufrasia akasema atakuja.

Huyu Leodgar alikuwa fundi wa maboti. Alishika tezo na randa tangu ujana, na maboti yake yalibeba dagaa, watu na mafuta ya mawese toka Ilagala mpaka ng'ambo ya Kongo. Watu wa Ujiji walimcheka: anawajengea wenzake maboti ya mita kumi na nane, yeye anaishi kwenye kiberiti. Mwenyewe hujibu kwamba boti halina kona ya bure, na nyumba vilevile. Hakuwa na maneno mengi zaidi ya hayo.

Jumatatu Eufrasia alishuka kwenye boti bandarini Kibirizi, akaletwa Kasingirima kwa bajaji huku ameshikwa mkono. Alivuka kizingiti akiwa amejikaza, maana alijua kitakachotokea. Kwake Kagunga, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, alijigonga kila siku: kwenye meza, kwenye pipa, kwenye kiti ambacho hakuna aliyejua kimewekwa pale na nani. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Mguu haukukuta kitu. Akafika ukuta wa pili na goti lake zima.

"Vitu vyenu viko wapi?" akauliza. "Mmehama?"

Mjukuu wake Wema, mwenye miaka sita, akacheka, akamshika mkono na kuanza kumtembeza. Hapa bibi ni benchi, kaa. Sasa simama, inua. Benchi likafunguka kama sanduku, na mkono wa Eufrasia ukazama kwenye unga wa muhogo. Hapa ukutani vuta. Ubao ukashuka, ukajifungulia mguu wake wenyewe, ikawa meza. Sahani zilisimama moja moja kwenye nafasi zake juu ya mlango, zimebanwa zisianguke, kama anavyozipanga mtu anayejua kwamba ziwa linaweza kuchafuka. Rafu zilishikiliwa na mbao zilizopinda, mbavu za boti zilizokataliwa, na kila moja ilikuwa laini, haina hata kibanzi cha kumchoma mtu. Majiko, ndoo, nguo, madaftari ya shule, vyote vilikuwa na mahali pake, na mahali pake palikuwa pamekatwa kwa kipimo chake.

Eufrasia alipapasa chumba kile kwa saa nzima. Alikuwa mwanamke mgumu kusifia, lakini alipomaliza aliketi kwenye ghala la unga akasema, "Imana," yaani Mungu kwa Kiha. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Yeye alikuwa haoni, ila aliamini.

Siku ile walilala yeye, Honorata na Wema kwenye godoro lililotandikwa chini. Leodgar alikuwa ufukweni. Kila kitu kilikuwa na adabu zake mpaka Jumatano asubuhi, Eufrasia alipokuwa akitafuta ukuta ili asimame, mkono wake ukashika kamba nene iliyofungwa kwenye kigingi cha boti.

"Wema, hii kamba ya nini?"

"Ya kitanda cha baba," Wema akasema kwa majivuno, kwa kuwa alikipenda kuliko vitu vyote vya nyumba ile. "Ukiilegeza kinashuka. Baba amekivuta juu kabisa, kinagusa paa. Umelala chini yake, bibi."

Sasa wewe unayesoma unaweza kucheka. Eufrasia hakucheka. Siku mbili mama mtu mzima amelala chini ya kitanda cha mkwe wake, kimetundikwa juu ya kichwa chake, amekoroma chini yake. Akaanza kupapasa mahali kitenge chake kilipo, afunge mzigo.

"Boti la Kagunga linaondoka saa ngapi?" akamuuliza Honorata aliyekuwa akiingia na chai.

"Mama, kesho ni Alhamisi."

"Nimekuuliza boti."

"Saa kumi. Mama, nisikilize—"

"Ulisema sitakikuta."

"Hakipo chini, mama. Hakigusi hata sakafu."

"Na paa ni la nani?"

Leodgar alikuwa amefanya kosa la kifundi. Kwa mtu wa maboti, kisicho sakafuni hakimo njiani, na kisicho njiani hakipo. Leodgar alihesabu sakafu. Mama alihesabu paa. Honorata naye aliyajua yote mawili, akajipa moyo kwamba asiyeona hatauliza. Akalia, akasema mama atapofuka kwa ajili ya mbao. Eufrasia akamjibu kwamba vipofu anawajua wengi na wanaishi vizuri, lakini mtu asiye na haya hajamwona akizikwa vizuri. Alisema hivyo kwa sauti kavu, ila fundo la kitenge lilimchukua muda mrefu kulifunga, kwa kuwa alilitaka lile jicho. Alitaka kumwona Wema meno yakiota. Alilitaka sana.

Leodgar aliitwa kutoka ufukweni. Hakuingia. Alisimama nje nyuma ya ukuta, kama ilivyopasa, na mazungumzo yakapita kwa Honorata ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake wazi.

"Mwambie mama nimekosa," Leodgar alisema. "Mwambie aningoje mpaka saa kumi hiyo hiyo. Akae kwa mama Mwanvua kivulini."

"Mwambie nitangoja kwa sababu boti lenyewe halijaondoka," Eufrasia akasema.

Akapelekwa barazani kwa Mwanvua, jirani wa mbele, mwanamke mwenye asili ya Kongo aliyeuza vitenge na asiyejua kunyamaza. Mara hii kutonyamaza kwake kulifaa. Eufrasia alikaa ameupa mgongo mlango wa mkwe, Mwanvua akawa macho yake.

"Anakishusha, mama. Imana yangu, kitanda kizuri. Sasa wanakipeleka mlangoni. Hakipiti. Wamekilaza ubavu. Hakipiti."

Hakingepita. Leodgar alikiunda humo ndani mwaka aliooa, kwa mbao za mninga zilizobaki kwenye boti lake la kwanza kubwa, bila msumari hata mmoja, na kilikuwa kipana kuliko mlango. Kilikuwa ndicho kitu pekee cha anasa alichowahi kujiundia. Honorata alisikika akisema polepole, "Si ukikate, Leo." Halafu Eufrasia akasikia msumeno.

Sauti ile ilimwingia. Alizaliwa kando ya ziwa, sauti ya ubao unaokatwa kujengea boti aliijua. Hii ilikuwa nyingine. Ilikwenda polepole, ikisimama kila mara, kama mtu anayepima kabla ya kusema neno. Upepo ukaleta harufu ya mninga.

"Amekata miguu," Mwanvua alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Yote minne. Sasa anaushika ubao wa kichwani. Ule anaufungua, haukati. Mama, ule umechongwa samaki."

"Nyamaza kidogo," Eufrasia akamwambia, na Mwanvua akanyamaza.

Msumeno ukafuatwa na randa, randa ikafuatwa na nyundo ya mbao. Saa kumi kasoro Leodgar akazungumza tena nyuma ya ukuta.

"Mwambie mama kilichokuwa changu hakipo. Aje apime mwenyewe."

Eufrasia aliingia, na jambo la kwanza aliomba fimbo. Akapewa upondo mfupi wa mtumbwi. Akauinua, akafagia chini ya paa lote toka kona hadi kona, akigonga boriti na bati. Hakukuta kitu. Majirani waliokuwa mlangoni walijizuia kucheka na mmoja akashindwa.

Kisha akapapasa. Chini ya dirisha palikuwa na ulalo wa mbao, upana wake yeye, urefu wake yeye, na ukingoni umeinuliwa vidole vinne ili asiyeona asianguke. Pembeni yake kulisimama kiambaza cha kumfika begani, chenye matundu ya kupitisha hewa, cha kumstiri na chumba kingine. Na toka kichwani pa ulalo mpaka mlangoni ulikwenda ufito wa mbao laini kwenye usawa wa mkono wake, apate kuufuata akitaka kutoka nje peke yake. Alipouliza usawa wa mkono wake umejulikanaje, Honorata akasema Leodgar alipima alama ya kiganja cha unga aliyoiacha ukutani Jumatatu.

Eufrasia aliushika ule ufito akaufuata mpaka mlangoni, akarudi nao. Akaenda tena. Akafungua fundo la kitenge.

"Mwambie mkwe nimepima," akasema.

Alhamisi alipasuliwa. Ijumaa asubuhi daktari akamfungua bandeji, na Eufrasia akaona mkono wa daktari, kisha dirisha, kisha uso wa binti yake ambao ulikuwa umezeeka bila kumwarifu. Njia nzima ya kurudi alitazama tu.

Alipofika mlangoni akasita. Alidhani wamemleta nyumba nyingine. Chumba alichokitembea kwa siku nne, chenye ghala, meza, ulalo na njia zake, kilikuwa kidogo kuliko zizi lake la mbuzi. Alisimama akikitazama na kinywa wazi. Kuta zilikuwa nyeupe kwa chokaa, na kila ubao ulipakwa buluu ya maboti. Mapazia ya kitenge cha njano yalifunika rafu. Fundi alikuwa ameweka bati angavu moja katikati ya paa, na nuru ilishuka toka pale ikajaa mpaka pembeni, hapana mahali penye giza. Ukutani, mkabala na dirisha, kulikuwa na kioo cha kujitazamia, na ndani ya kioo lilikuwamo ziwa lote, na mitumbwi yake, na milima ya ng'ambo. Mtu mmoja, na uchochoro wa kuanikia nyavu, ameweka humo watu, chakula, nuru na Tanganyika. Eufrasia alihisi machozi, akakumbuka daktari amemkataza kulia, akayazuia kwa nguvu.

Ndipo akakiona kiambaza. Samaki wawili wamechongwa juu yake, wanatazamana, magamba yao yamechongwa moja moja. Mtu hachongi hivyo kwa siku moja wala kwa mwezi.

"Nyie mtalala wapi?" akauliza.

"Mkekani, mama," Honorata alisema. "Mpaka apate mbao nyingine."

Kwao kina Eufrasia iko njia ya kuivunja aibu ya ukwe. Mwanamume hutoa kitu chake chenye uzito, mbele ya mashahidi, na mama akikipokea kwa hiari yake, nguo hutoka usoni. Wengi hutoa mbuzi. Hakuna aliyemwambia Leodgar atoe chochote, na yeye hakuwa na hesabu hiyo alipokuwa akikata.

"Mwite," Eufrasia akasema.

Leodgar akaja na kusimama nyuma ya ukuta.

"Mwambie aje mlangoni."

Honorata akamtazama mama yake, kisha akatoka. Leodgar akaja mlangoni, ameinamisha kichwa, vumbi la mbao limo nyusini. Eufrasia alikuwa amekaa kwenye ulalo, kitenge usoni. Akakishusha mpaka mabegani. Akamtazama mkwe wake kwa lile jicho, kwa muda mrefu, na hapana aliyesogea.

"Leodgar," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutoka kinywani mwake. "Umekonda sana, mwanangu. Ingia ule."

Meza ilikuwa imeshushwa, samaki wa migebuka wamepakuliwa. Wema na Honorata walikuwa wamelijaza benchi. Leodgar akaangaza mahali pa kukaa ndani ya chumba alichokipima kila kidole, asipaone. Eufrasia akasogea kwenye ulalo wake, akampisha.