Siku Saba za Boti Kunywa Maji

Sikitu alikuwa anapima mimba yake kwa mbao. Boti ambayo mume wake Bilali alikuja kuunda hapa mjini Baraka ilipofika ubao wa tano, mtoto alianza kucheza tumboni. Ilipofika wa tisa, mvua ikakata barabara ya Kilembwe, mbao zikakwama huko mwezi na nusu. Tumbo halikungoja.

Walitoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wakiwa watatu: yeye, Bilali, na binti yao Hidaya wa miaka minne. Papa Anatole, mwenye boti, mfanyabiashara wa mawese anayekaa Fizi kule juu mlimani, aliahidi kwamba safari ya kwanza ya boti itawarudisha kwao. Manahodha wengine wakiliona tumbo lile walitikisa kichwa tu. Na Sikitu alitaka kuzalia kwa mama yake. Si kwa kudeka. Alipomzaa Hidaya alitokwa na damu mpaka akapoteza fahamu, na ni mama yake aliyeona, aliyepiga kelele, aliyekimbia kutafuta daktari. Bilali alikuwa safarini. Aliporudi aliambiwa mzazi alichoka kidogo. Hapa Baraka hakuna aliyejua.

Maisha yenyewe hayakuwa mabaya. Nyuma ya nyumba waliyopanga kulikuwa na kanisa, na kwaya ilijifunza nyimbo kila Jumatano. Sikitu ni Muislamu, lakini alijikuta anafua nguo kwa kufuata sauti zao. Hidaya alishinda na Merveille, mtoto wa jirani, akajua kula sombe, kisamvu cha huku, na kusema "mi sitaki." Samaki ni wale wale wa ziwa lile lile, ila Sikitu aliwala akaona kuna kitu kimepungua. Akaongeza chumvi, akaongeza ndimu, kitu kikabaki kimepungua.

Siku ya Jumatatu boti ilishushwa ziwani, karibu na ukingo, ikaachwa ijae maji. Papa Anatole alifika na pikipiki, akasimama, mikono kiunoni.

"Fundi, boti yangu iko inazama na we uko unakunywa chai?"

"Inakunywa na yenyewe, mzee," Bilali akajibu. "Siku saba. Mbao zikivimba, mianya inajifunga."

"Mi sijaona boti yenye kunywa kuliko mwenyewe."

Watu wakacheka, Sikitu naye akacheka, huku kichwani anahesabu. Siku saba za kunywa, mbili za kupakia, na upepo ukikataa je? Mwezi wa tisa wa mimba ulikuwa umeshaanza.

Alhamisi, alipokuwa anasugua sufuria ukingoni, alimwona Bilali ndani ya boti na ndoo, anatoa maji.

"Baba Hidaya, si ni siku ya nne tu?"

"Inatosha. Kesho tunapakia." Hakumwangalia.

Sikitu aliweka sufuria chini, akaingia majini mpaka magotini, akapitisha kidole katikati ya ubao wa nne na wa tano. Pamba ya kuziba, iliyopigwa humo pamoja na mawese, ikatoka na kidole, laini, imelowa; mwanya ulikuwa bado wazi. Mwanaume huyu huyu, kule Kigoma, aligombana na tajiri mzima kwa sababu ya siku moja iliyopunguzwa.

"Unaharakisha kwa ajili yangu."

"Unalia kila usiku, unafikiri nimelala. Wanawake wanazaa hapa kila siku, Mama Hidaya. Unaogopa nini?"

"Kwa Hidaya sikuchoka kidogo," akasema. "Nilikuwa nakufa. Mama alikuficha, na mimi nikakuficha."

Bilali alisimama na ndoo yake, maji yanachuruzika. "Basi ndiyo twende kesho."

"Na Hidaya naye tumpandishe humu?"

Bilali aliutazama ule mwanya. Kisha akainama, akachota maji ziwani, akaanza kuyarudisha ndani ya boti, ndoo kwa ndoo.

Sikitu aliona sasa huenda atazalia hapa hapa. Alienda moja kwa moja kwa jirani yao, Mama Merveille, akamkuta anatwanga sombe.

"Niko na maneno, Mama Merveille."

"Kama ni chumvi, iko pale."

"Si chumvi."

Alipomaliza kusimulia, mchi ulikuwa umesimama.

"We mama. Tunasukana nywele miezi yote hii, unanielezea mpaka habari ya shangazi yako na mbuzi yake, na hii unaificha?"

"Niliona nitaondoka."

"Nitaondoka, nitaondoka. Kama mutoto alikutokea katikati ya maji, ungeniambia saa ngapi? Vaa viatu."

"Sasa hivi?"

"Unataka boti ishibe kwanza?"

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Immaculée alifungua daftari. "Ile damu ilitoka mbele ya mutoto kuzaliwa ao nyuma?"

"Nyuma."

Akaandika kwa kalamu nyekundu. Sikitu akaitazama ile rangi.

"Usizalie ku nyumba, unasikia? Uchungu kidogo, unakuja. Usingojee bwana amalize kazi. Nani atakusindikiza?"

Sikitu alifungua mdomo, na jina lililokuja lilikuwa la mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

"Andika mi," Mama Merveille akasema.

"We ni nani yake?"

"Andika dada. Ao andika mama. Andika yote mbili, karatasi iko kubwa."

Woga haukuondoka. Ulimfuata Sikitu mpaka sokoni, ambako Mama Merveille alianza kuchagua beseni la kupeleka uzazini, anagonga moja, anagonga lingine, anabishana na muuzaji kuhusu la manjano. Sikitu alisimama pembeni, mkono tumboni. Mtoto aligeuka upande, akatulia. Sikitu akangoja acheze tena.