Kizuizi Kwenye Ua wa Maternelle

Nilikuwa mwalimu wa maternelle, shule ya chekechea, upande wa Naviundu mwaka ambao mji wetu ulianza kugawanyika. Kampuni ya madini ilikuwa hoi, maduka ya katikati ya mji yalikuwa yameporwa, na vijana wa siasa walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wa Kasai warudi kwao, hata wale ambao babu zao ndio waliojenga reli. Mimi nilijigamba kwamba mambo hayo hayavuki lango langu. Nilikuwa na majivuno, sikatai.

Kila mwaka, kwa sikukuu ya kufunga masomo, watoto wangu walicheza ngoma za kwao. Ili nisichanganyikiwe, nilimshonea kila mmoja utepe kwenye tablier yake, ile aproni ya shule: kijani kwa wa kaskazini ya Katanga, njano kwa wa kusini, buluu kwa wa Kivu, nyekundu kwa wa Kasai. Wazazi walipenda. Mwaka ule pia nilishona, na mapema kabisa, kama mtu asiye na macho.

Asubuhi moja nikasikia kelele kwenye bembea. Binti wa miaka mitano, mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani, alikuwa amefunga kamba ya kurukia kati ya bembea na ukuta, akawa anakagua tepe. Wa kijani, pita. Wa njano, pita. Akafika binti wa fundi cherehani, wa miaka minne, na utepe wake mwekundu.

"Wa nyekundu hapana kupita," mkubwa alisema. "Uende kwenu. Tonton anasema vile."

Mdogo hakulia. Alikaa chini palepale, mikono mapajani. Nilikata kamba kwa hasira, nikafoka mpaka nikapaliwa, lakini moyoni nilijua kwamba aliyewapanga watoto wale kwa rangi hakuwa yule tonton, mjomba wake. Ni mimi.

Mchana huohuo nilifumua tepe zote kwa wembe. Kazi bure. Kesho yake mkubwa aliikumbuka rangi ya kila mmoja bila kukosea, kipaji ambacho sikuwahi kukiona tulipojifunza kuhesabu.

Siku ya tatu mama wa yule mdogo, yule fundi, alinifuata mlangoni.

"Madame, mutoto anakatala kula. Anatuuliza asema kwabo ni wapi. Bwana yangu anasema tuende ku gare, tungoje train na benzetu. Kama hata batoto ba maternelle banamufukuza, tunabakia huku juu ya nini?"

Kule kituo cha treni familia zilikuwa zinalala nje kwa majuma, na watoto wa umri ule walikuwa wanakufa kwa kuhara. Nilimwomba aniachie binti yake siku moja tu. Akasema atamleta, ila mizigo ameshafunga.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkunga mstaafu wa mtaa wetu. Kesho yake alikuja na gauni lake jeupe na karai la kuogeshea, akaketi kwenye kiti cha watoto, akaanza kuwaita mmoja mmoja.

"Weye, ulilia mingi. Weye, ulitoka miguu mbele, ukamusumbua mama yako. Ninyi bote mulizalikia huku, nikaosha kila mutoto mu hii karai. Kwenu ni huku."

Wawili watatu walizaliwa mji mwingine, Kambove, na hakuwahi kuwagusa, lakini alidai amewaosha nao pia bila haya. Watoto walichanganyikiwa kwa furaha. Wakati wa mapumziko mkubwa alijifanya mkunga, na binti wa fundi akawa mama mjamzito. Alijifungua mara sita kabla ya kengele. Saa sita alimwambia mama yake ana njaa, na nikamwona yule mama akigeukia ukuta kufuta macho. Hawakwenda kituoni.

Nilipumua, ila si sana. Mkubwa alikuwa analala nyumba moja na yule tonton, na tonton ndiye aliyekuwa anaongoza vijana wa mtaa wetu.

Jumatatu, yule mkubwa alikuja hadi mezani kwangu kabla sijafungua daftari.

"Madame, tonton aliniuliza batoto ba Kasai mu classe ni banani, na banakaa wapi."

Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilimwambia hakuna. Bote balizalikia huku." Alitazama viatu vyake. "Alikasirika. Asema niko na bongo, asema ninamudanganya. Madame, ile ni bongo?"

Nilimvuta nikamkumbatia ili asinione ninavyolia. Sijawahi kusikia nafuu kama ile maishani mwangu, na ilitoka kinywani mwa mtoto niliyekuwa nimemfokea wiki iliyopita.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ulisema kweli. Uende ucheze."