Jogoo Niliyemsifu Ukweni

Siku moja huwa inanirudia kila nikisikia jogoo anawika mchana, na leo, mwanangu, imenirudia bila jogoo yeyote kuwika. Nimekusikia nyuma ya zizi ukifanya mazoezi ya maneno ya kwenye simu. "Mama, nyumba yenu inapendeza. Mama, chakula kama hiki sijawahi kula." Nimeshindwa kukaa. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nimehamisha jembe kutoka ukuta huu kwenda ule, mwishowe nikaona afadhali niandike. Kesho unakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti, na mimi naijua hatari ya sifa. Nusura zininyime mama yako.

Nilikuwa kijana wa Ihanja, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Nikiingia kwa mtu, naangalia bawaba za mlango kabla ya kumwangalia mwenye mlango. Mama yako, wakati huo Salome tu, binti wa Mungaa, alilalamika kwamba tangu anifahamu sijawahi kumsifia hata kitenge. Nikajitetea kwamba nilikwisha kumwambia mnyororo wa baiskeli yake umekazwa vizuri. Hakucheka.

Basi nikaamua kubadilika, na kwa kuwa sijui kuanza jambo bila kujifunza, nikatafuta wa kunifundisha. Rafiki yangu Ramadhani aliuza asali stesheni ya Itigi. Treni ikisimama alisifia behewa zima: shati la huyu, mtoto wa yule, hata usingizi wa mzee aliyelala dirishani. Akaniambia kazi ni ndogo, ona kitu, kisifu, usinyamaze. Nilikariri njia nzima ya kurudi nyumbani. Sikujiuliza kama maneno ya kumwambia abiria anayeondoka yanafaa kwa watu unaotaka kuishi nao.

Siku ya utambulisho nilikwenda na mjomba Daudi, mshenga wangu. Desturi unaijua: mshenga anasema, muoaji anatazama chini. Mjomba alikuwa bado kwenye salamu, akiulizia mvua na mifugo, jogoo mwekundu akakatiza mbele yetu. Nikasema sijawahi kuona jogoo mzuri kama yule. Baba yake Salome akamtazama jogoo, akanitazama mimi, kisha akaagiza akamatwe. Kwetu mgeni akisifia kuku, mwenyeji anaelewa kwamba ameombwa. Akachinjwa. Baadaye nikajua mitetea ya nyumba ile haikuwa na jogoo mwingine.

Hapo ningenyamaza. Lakini ukimya uliniwasha, miguu ikacheza chini ya kiti, na mtamba mweupe akapita kwenda kunywa maji. Nikamsifu kwato, nikamsifu nundu, nikasema huyu atazaa sana. Mjomba akanikanyaga mguu. Nilikuwa nimechelewa. Mfugaji hapendi mgeni amkazie macho ng'ombe wake, sembuse kumtangaza. Baba yake Salome akaagiza mtamba apelekwe nyuma ya nyumba, akaniuliza taratibu, "Kijana, umekuja kuoa au umekuja mnadani?"

"Hata mnadani," shangazi yake Salome akasema kutoka jikoni, "anayesifu hivyo ni dalali."

Wote walicheka isipokuwa baba. Alimwambia mjomba kwamba mazungumzo yanaweza kusubiri mavuno. Mavuno yenyewe, mwanangu, yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha.

Nikaomba ruhusa ya kunyoosha miguu. Nilipita mbele ya Salome, hakuinua uso. Nyuma ya jiko palikuwa na kihenge cha kuhifadhia uwele, kimesukwa kwa fito, na bibi yake alikuwa kando yake akipepeta. Nikamwamkia, na kabla sijakumbuka kusifu, nilikuwa nimeshachuchumaa nikichungulia chini.

"Bibi, mbona mchwa wamekula ua wote wakaacha miguu ya kihenge?"

Akaweka ungo chini. Akanieleza mti alioukata, na wakati wa kuukata, na majivu anayomwaga. Nikauliza tena. Akanionyesha fundo la kuanzia, akanipa fito nijaribu, nikakosea, akanicheka hadi akajifuta machozi. Baba yake Salome alikuwa amekuja kutuambia mjomba anataka kuondoka. Alisimama akisikiliza. Bibi yule, mama yake mzazi, alikuwa amesuka kile kihenge kwa mikono yake, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

"Huyu mwache arudi," bibi akamwambia mwanawe. "Macho ni yake. Mdomo ndio kaazima."

Siku nyingine tulirudi Mungaa. Nilibeba kwapani jogoo mwingine mwekundu, nikamkabidhi baba yake Salome, na sikumsifu hata kwa neno moja.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuomba uyaache maneno uliyoyatoa kwenye simu. Kwanza jijue ulivyo. Mimi ni mtu wa kuuliza, na kuuliza kwa dhati ndiyo sifa ninayoiweza. Mama yako amekwisha kuizoea, ingawa kitenge bado ananikumbusha. Wewe hukuchukua mdomo wangu. Unacheka upesi kama bibi yule, na mtu huona raha akikuona umechekeshwa na hadithi yake. Basi wasikilize. Likikugusa jambo, litajionyesha usoni kwako kabla hujapanga neno. Na mshenga akisema, mwache amalize.

Mungu akutangulie kwenye mlango ule, akupe macho yako mwenyewe na ulimi wa kungoja, na nyumba utakayoijenga isikose kicheko. Na kuku wa watu, mwanangu, waache wapite.