Mashavu ya Sindano

Mafuta ya maganda ya korosho yaliniwasha na kunivimbisha, nikawa natoka kijijini Chiwata kila wiki kwenda hospitali kuchomwa sindano za mzio, dawa mpya wakati ule. Muwasho uliisha. Ila mashavu yalijaa, tumbo likatoka na hedhi ikakatika miezi mitatu.

Baada ya miaka tisa bila mtoto, sikumuuliza mtu. Mume wangu alitangaza kanisani, nami mjinga nikawa natembea nimejishika kiuno. Mama mkwe akaanza kuniita Mama Yohana, kisha akanipeleka kliniki mwenyewe.

Nesi alinipapasa tumbo kwa muda mrefu.

“Unachomwa sindano gani?”

Nikamwambia.

“Pole, mama. Hakuna mtoto humu. Ni hizo sindano.”

Mama mkwe hakunitazama. “Vaa,” akasema, “twende.”