Mkono wa Dereva wa Lori

Hii ninayowaletea hamtaiamini, na wala siwalaumu. Hata mimi, ambaye sijasema uongo tangu nilipoachana na shule darasa la sita, niliisikia mara mbili ndipo nikaimeza.

Mpwa wangu anabeba meno. Si yake, yake yamo kinywani yote, pamoja na ulimi mkali. Anachukua meno ya bandia kwenye karakana yanakotengenezwa, anayafungia katika kisanduku nyuma ya pikipiki, anayasambaza kwenye kliniki za mji mzima. Waendesha pikipiki wenzake wamembandika jina la Bibi Harusi, kwa mwendo wake. Akikuta gari limeegeshwa, analipita kwa mbali, upana wa mlango mzima, asije mtu akaufungua bila kutazama. Taa za kugeukia haziamini hata kidogo. Yeye hutazama tairi la mbele, maana taa, asema, husahauliwa ikiwaka, lakini tairi likishapinda, gari limeshaamua. Wenzake wanacheka. Wawili kati ya wanaocheka siku hizi wanatembelea magongo, lakini hayo tuyaache.

Shida ilikuwa mama yake, dada yangu wa tumbo moja. Pikipiki ni mali yake, na kila binti alipochelewa kurudi, dada alishamzika moyoni na kumaliza matanga. Mwishowe akatoa hukumu. Alhamisi angepanda mwenyewe, apelekwe kliniki kujaribishwa meno yake mapya. Akiogopa njiani, anachukua ufunguo siku hiyohiyo, na binti atafute kazi ya kukaa kwenye kiti. Mpwa wangu hula kwa pikipiki ile, na kuketi hakuwezi tangu utotoni. Usingizi ukamruka.

Wakaondoka asubuhi, dada amemkumbatia kiunoni kama mtu anayevushwa mto, kofia ngumu imemshuka hadi kwenye nyusi. Mtaa wa kwanza salama, wa pili salama. Wakafika pale kichochoro kinapotokea barabara kuu, yenye njia mbili kila upande. Njia ya karibu magari yalikuwa yamesongamana. Dereva wa lori, mtu muungwana kweli, akasimama, akaacha nafasi, akawapungia mkono wapite.

Wengine wangepita mbio na kumshukuru kwa honi. Mpwa wangu alimwinamishia kichwa, akasogea polepole mpaka gurudumu la mbele likachungulia tu mbele ya pua ya lori, akasimama, mguu chini.

"Mtu amekupa njia, wewe unamringia," dada akamsema huko nyuma.

"Mama, amenipa njia yake. Hiyo ya pili si yake kuigawa."

Hajafunga mdomo, pikapu ikapita kwenye njia hiyo ya pili kwa kasi ya mkopeshwa aliyemwona mdai wake. Upepo wake ukapeperusha ncha ya mtandio wa dada. Mwenye pikapu hakuwaona, wala asingeweza. Lori lilikuwa limewaficha. Yule muungwana alibaki ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mpwa wangu akachungulia tena, akavuka. Moyo ulimdunda, na si kwa sababu ya pikapu. Ulidunda kwa ule ukimya wa nyuma. Dada yangu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Mikono yake ilikuwa imembana binti kiunoni hadi pumzi ikawa ya kuvutia kwa zamu. Walipolipita duka la vyuma, akaihisi ikilegea. Mmoja ukamwacha kabisa, ukaenda kuuweka sawa mtandio. Mwenye hofu, jamani, hajirembi juu ya pikipiki inayokwenda. Binti alicheka peke yake ndani ya kofia, macho yakamlowa, na bado akaipisha teksi iliyoegeshwa upana wake wote wa mlango.

Mlangoni mwa kliniki dada akashuka, akavua kofia mbele ya umati wa watu mia tatu, madaktari wakiwamo, akapaza sauti kwamba katika ukoo wetu mzima hajatokea dereva kama huyu, na kwamba aliyemfundisha ni mjomba wake, ambaye enzi zake aliwahi kuendesha pikipiki akiwa amefumba ma

"Mjomba, acha," akasema mpwa wangu, aliyekuwa akisoma begani mwangu, akaishika kalamu. "Alikuwapo mlinzi peke yake. Na mama alisema tu, kesho tutoke saa mbili."